Jani la Saba la Begonia

Puerto Vallarta, 6 Machi 1997

Kwa Shangazi Obdulia,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta umeshakaa kwenye kiti chako cha barazani, miguu imepumzika, na vumbi la safari limekung'utwa kwenye shali. Rosaura wangu anakusalimu sana. Anasema tangu uondoke hakuna mtu wa kumwambia kwamba maharage yake yana maji mengi, na nyumba imepwaya. Mapera uliyotuletea kutoka Calvillo yamekwisha. Nusu ameyapikia jamu, nusu nimeyamaliza mimi, nikiwa nimesimama jikoni na mlango nimeurudishia. Goti langu linaendelea vizuri. Suruali ndiyo haikupona.

Najua bado unacheka kuhusu lile birika. Cheka tu, una haki. Miaka kumi na tisa naongoza wageni nikitembea kinyumenyume, uso kwao, mgongo kwa dunia, na sijawahi kugonga hata mbwa. Ila siku niliyompakia shangazi yangu bure kwenye kiti kilichobaki, ndiyo siku niliyokaa ndani ya birika la kunyweshea farasi la San Cosme mbele ya watu kumi na wanne, huku bado naeleza kanisa lilijengwa mwaka gani. Yule bwana wa Kanada alipiga makofi akidhani ni sehemu ya safari. Juzi mgeni mmoja ameuliza ofisini kama kuna nafasi kwenye "ile safari ya bustani ambayo kiongozi anaanguka."

Sasa Shangazi, kuna kajambo kadogo.

Unamkumbuka Injinia Zenaida Topete, yule mama mwembamba mwenye mkasi kiunoni aliyetupokea pale bustani ya mimea. Alituambia tutazame kwa macho, siyo kwa mikono, na aliposema hivyo alikuwa anakutazama wewe. Basi, kwenye banda la kivuli, nyuma ya kamba nyekundu, kulikuwa na begonia ya majani ya rangi ya fedha. Aliiokota korongoni mwaka juzi, peke yake, na tangu hapo hajaiona nyingine popote. Anaipenda kuliko ndugu zake wa damu. Huipima kila Alhamisi, na kila jani amelipa namba. Alhamisi ya wiki iliyopita, siku moja baada ya sisi kupita, alikuta majani kumi. Yalikuwa kumi na moja. Lililokosekana ni la saba.

Anasema si mdudu, kwa sababu mdudu hatafuni kwa mstari ulionyooka. Kikonyo kimekatwa kwa ukucha wa dole gumba, "na mkono uliokata," akaniambia, "umeshakata sana maishani."

Kundi la mwisho lilikuwa langu. Kwa hiyo amenifungia lango mpaka jani lipatikane au mtu wake ajulikane. Jumatano ndiyo safari yangu, Shangazi. Ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri: asubuhi bustani, mchana San Cosme. Bila bustani nimebaki na mji mmoja na birika.

Mimi simshuku mtu. Nauliza tu kwa kuwa wewe una macho ya mwalimu. Ulimwona yeyote akiinama karibu na ile kamba? Labda yule mama wa kofia pana? Nakumbuka wewe ulibaki nyuma kidogo, ukasema unafunga kiatu. Baadaye nikakumbuka viatu vyako havina kamba, lakini najua mtu akichoka husema lolote.

Mwanao,
Anselmo


Calvillo, Jumanne ya Juma Kuu, 25 Machi 1997

Anselmo mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku kumi zilizopita, lakini Kwaresima siyo wakati wa kukaa na kalamu. Padre mpya anahubiri saa nzima, mpaka watakatifu ukutani wamechoka. Domitila wa jirani alipika mkate wa Kwaresima, ule wa kuloweka kwenye sharubati na zabibu, akasahau jibini. Tukaula kimya kama tumefiwa. Miguu yangu inavimba jioni, asubuhi inarudi. Mwambie Rosaura kwamba maharage ni suala la subira. Maji nilisema ili nisimwumize.

Nimefurahi kusikia goti limepona. Sasa kwa kuwa umetaja safari yako, ngoja nikusahihishie, maana siku ile niliona aibu kukusahihisha mbele ya wageni. Ulisema kanisa la San Cosme lilijengwa mwaka 1580. Pembeni ya mlango pameandikwa 1741, tarakimu kubwa kama kichwa changu. Ulisema kengele iliyeyushwa kutokana na hereni za wanawake wote wa mji. Yule bibi anayeuza jibini pale pembeni alinivuta shali akaniuliza, "Mama, huyu bwana ni ndugu yako?" Nikamwambia, "Hapana, nimemkuta kwenye basi."

Unauliza kama niliona mtu. Niliona watu wengi. Yule bwana aliyepiga makofi, suruali yake ilikuwa na mifuko saba. Mtu mwema hahitaji mifuko saba. Mama wa kofia alikuwa na kofia. Zaidi ya hapo siwezi kuapa.

Mimi, kama unavyojua, nimefundisha darasa la nne kwa miaka arobaini. Nusu ya mji huu niliwachapa vidole kwa ajili ya penseli ya mwenzao. Mwenye duka la nyama, karani wa manispaa, hata kinyozi, wote wamelia mbele ya meza yangu. Ndiyo maana nashangaa kuona barua yenye habari za ukucha inaletwa kwangu.

Ni hayo tu. Barazani kila kitu kinaendelea vizuri, asante kwa kuuliza.

Shangazi yako,
Obdulia

Kwenye bahasha usiandike tena nje "Kuhusu jani." Mleta barua anasoma, na yeye pia nilimfundisha.


Puerto Vallarta, 9 Aprili 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pasaka tumeila salama. Rosaura alichemsha maharage kwa subira kuanzia asubuhi hadi saa tisa, yakaungua. Anakusalimu, lakini siyo kwa nguvu kama mwanzo.

Mimi sikumbuki kukuuliza habari za barazani. Labda niliuliza nikasahau.

Leo ni Jumatano na nimerudi sasa hivi. Nimejaribu kuifanya safari bila bustani, yaani nimewapeleka San Cosme moja kwa moja, tukafika saa tatu asubuhi tukiwa na mji wa barabara nne na siku nzima ya kuujaza. Niliwaeleza matofali ya udongo kwa saa moja na robo. Niliwaeleza nyasi, niliwaeleza samadi, niliwaeleza jinsi jua linavyofanya kazi yake. Mama mmoja alisinzia akiwa amesimama. Nikawapeleka kwa bibi wa jibini, ambaye aliwaambia wageni, kwa sauti, kwamba kanisa ni la mwaka 1741. Saa tano nikawa nimeishiwa, nikawaingiza kwa wapika raisiya, ile pombe kali ya mkonge wa mlimani, ambako kwa kawaida hatuingii kabla ya chakula. Tulirudi tukiimba. Mzee mmoja alinikumbatia akaniita kwa jina la marehemu mkewe. Kisha ofisini akaandika kwenye daftari la maoni: "Sikuona mmea hata mmoja."

Bosi amenipa mpaka mwisho wa Juni. Lango lisipofunguliwa, Jumatano anapewa kiongozi mwenzangu, Ulises. Shangazi, Ulises ana meno yote, anajua Kifaransa, na anatembea akitazama mbele.

Injinia Topete alitaka orodha ya abiria wa siku ile. Nimempelekea. Jina lako nimeliweka mwisho, na pembeni nikaandika: mwalimu mstaafu, mcha Mungu, macho hafifu. Akasoma, akainua uso. "Huyu ni nani kwako?"

Nikasema, "Nimemkuta kwenye basi."

Tuseme sasa, mfano tu. Jani limedondoka lenyewe, maana majani hudondoka, likaangukia ndani ya mkoba uliokuwa wazi. Mwenye mkoba hana habari. Siku moja anatafuta rozari yake, analikuta. Mtu kama huyo akiliweka kwenye bahasha bila jina na kunitumia, mimi nitalipeleka langoni niseme nimeliokota njiani, na hakuna atakayeuliza zaidi.

Rosaura naye, bila nia mbaya, amekumbuka kwamba asubuhi ile unaondoka uliomba leso ukailowesha maji, ukaifungia kwenye kasha la miwani. Miwani ukaivaa. Anasema uliivaa mpaka kituo cha mabasi, na dereva wa teksi alipokuamsha pale bado ulikuwa nayo.

Naandika tu kama habari za nyumbani.

Mwanao,
Anselmo


Calvillo, Siku ya Msalaba Mtakatifu, 3 Mei 1997

Anselmo,

Marahaba. Barua yako ilipelekwa kwanza kwa Obdulia mwingine, wa barabara ya kituo, akaisoma mpaka mwisho ndipo akagundua siyo yake. Sasa naye ananitazama kasha la miwani kila tukikutana kanisani.

Leo ni sikukuu ya mafundi ujenzi. Wamepandisha msalaba wa maua juu ya ile nyumba isiyokwisha mbele yangu na wanapiga fataki tangu alfajiri. Mbwa wa Domitila yuko chini ya kitanda changu, siyo chake. Nimeshindwa kulala mchana, kwa hiyo nakuandikia.

Wewe ni mwanamume, na umekulia kwenye saruji, kwa hiyo kuna jambo hukufundishwa. Ngoja nikufundishe. Mmea ukipewa, unanuna. Ukiuchukua, unashika. Hii siyo imani ya mtu mmoja, ni kitu tunachokiona. Domitila aliwahi kunipa jeraniamu kwa mikono yake miwili, na mimi, kwa ujinga, nikasema asante. Jumamosi ikafa. Mwezi uliofuata nikapita getini kwake yeye akiwa misani, nikakata kijiti kutoka mmea uleule. Leo unagusa paa. Anauona kila siku na hajasema neno, kwa sababu kangaga lake barazani lilikuwa langu mwaka 1982. Kila baraza ya barabara hii imejengwa hivyo, kopo kwa kopo. Mama yako mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kutoka kwenye mazishi mikono mitupu.

Huo siyo wizi. Wizi ni penseli. Penseli ikichukuliwa mmoja anakosa. Jani likichukuliwa wanakuwa wawili.

Nasema kwa ujumla.

Kitu kingine. Domitila, siyo mimi, anauliza begonia ya rangi ya fedha inapenda jua la asubuhi au la jioni. Na kama kwenye mshipa wa jani kumechomoza kitu cha kijani ukubwa wa punje ya dengu, au tuseme punje tatu, maji yamwagwe juu au yapandie kutoka chini. Muulize Injinia wako, lakini usitaje mtu.

Shangazi yako,
Obdulia


Puerto Vallarta, 21 Mei 1997

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Sitaandika habari nyingine mpaka nimalize hii.

Nilikwenda kumuuliza. Ndiyo, mimi, mtu wa miaka hamsini na mbili, nilisimama nje ya lango lililofungwa kwa sababu ya begonia, nikauliza kupitia nondo: "Injinia, samahani, begonia ya rangi ya fedha inapenda jua lipi?" Rosaura aliponisikia nikisimulia alijifunika uso na taulo la vyombo.

Lakini Injinia hakufoka. Alifungua lango. Akanipeleka ofisini kwake, akanikalisha, na hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Amekonda, na hata awali hakuwa na cha kupunguza. Juu ya meza kulikuwa na chungu chenye udongo mtupu na kibao cha namba.

Baada ya jani la saba kuibwa, aliingiwa na hofu. Akautoa mmea kwenye banda la kivuli akaufungia ofisini, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinapuliza mchana kutwa, ufunguo shingoni mwake, ili mkono wa mtu usiuguse tena. Wiki ya tatu majani yakakauka pembeni. Akaongeza maji. Wiki ya tano shina likaoza kuanzia chini. Bustani nzima wanadhani bado umo humo ndani unalindwa. Anayejua ni yeye na mimi, na sasa wewe.

"Nimeulinda mpaka nimeuua," akaniambia. Akalia, Shangazi. Akapenga kamasi kwenye ratiba ya umwagiliaji. Nikampa kitambaa changu, kilichokuwa na mafuta ya basi, akawa na alama nyeusi puani mpaka naondoka, na sikuthubutu kumwambia.

Kisha akatulia. "Bwana Anselmo," akasema, "kwa nini umeuliza kuhusu mmea wa rangi ya fedha?"

"Kuna jirani wa ndugu yangu..."

"Jirani gani?"

Nikatazama dari. Ni dari nzuri sana, ya mbao, nimeisoma ubao kwa ubao.

"Na jirani huyo ameona nini kwenye mshipa?"

Nikasema, "Punje tatu."

Alishika meza kwa mikono miwili.

Sasa sitaki kuzunguka tena. Unalo lile jani, ndiyo au hapana? Injinia hashtaki mtu. Hataki jina, hataki kuombwa radhi. Anataka mche mmoja, kwa sababu kama haupo kwako, basi haupo kokote anakokujua yeye. Ukisema ndiyo, mmea haujaisha duniani, na mimi narudishiwa lango langu. Ukisema hapana, Ulises anaanza Jumatano tarehe mbili Julai. Ameshakuja kuniuliza birika liko upande gani.

Nakuomba, Shangazi. Najua ninachokuomba.

Anselmo


Calvillo, 2 Juni 1997

Ndiyo.

Nimeliandika neno hilo, nikaiacha kalamu, nikaenda kunywa maji. Sasa nimerudi. Marahaba, Anselmo. Msalimie Rosaura, mwambie hata mimi maharage yangu yaliungua mwaka mzima wa kwanza wa ndoa.

Mambo yalikwenda hivi. Nililiona, likanitazama. Mkono ukaenda kabla yangu. Ndani ya basi nililishikilia mapajani saa kumi nzima, na kila tulipogonga shimo niliomba Mungu, jambo ambalo sijui hata kama linaruhusiwa. Nimekudanganya tangu Machi kwa sababu nikikubali kwako, lazima nikubali na kwa karani wa manispaa, na kwa kinyozi, na kwa wale wote. Vidole vyao nilivichapa kwa rula ya mbao, Anselmo. Nimewaza hilo sana mwezi huu.

Ipo miche mitatu, kwenye kopo la pilipili la kilo tatu. Wa kati umefikia upana wa sarafu.

Lakini siwezi kuutoa. Usikasirike, nisikilize. Nikiutuma kwa posta utafika maiti. Nikimpa mkononi, utanuna, na safari hii ukinuna ndiyo basi. Huyo mama ameshaua mmoja kwa upendo. Mimi sitaua wa pili kwa adabu.

Mwambie aje mwenyewe. Mlango wangu haufungwi mchana. Baraza iko kushoto. Mimi nitakuwa jikoni.

Na asithubutu kusema asante.

Obdulia


Puerto Vallarta, 13 Juni 1997

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imekuja haraka, siku tisa. Nilikimbia nayo langoni nikiwa na kandambili.

Injinia ameisoma mara mbili, amesimama. Akavua miwani. "Mimi nina shahada ya uzamili," akasema. "Nimesomea mizizi miaka saba. Mmea haujui kama umeibwa au umepewa."

Nikasema, "Kweli kabisa, Injinia."

"Huo ni ushirikina."

"Kabisa, Injinia."

Akatembea mpaka dirishani, akarudi. Akakitazama kile chungu kitupu. Halafu akasema, taratibu, kama anayeungama, kwamba bibi yake kule Tepic alikuwa na mkoba maalumu wa kwendea kutembelea watu, umetandikwa plastiki ndani.

"Basi la Calvillo linaondoka saa ngapi?"

Atafika kwako Ijumaa tarehe ishirini na saba. Ameniuliza avae nini. Nimemwambia viatu visivyo na kamba.

Nakuomba mambo mawili tu. Usimsahihishe sana. Na kumbuka kwamba baada ya Ijumaa hiyo zimebaki siku tano, na sitakuwa na nafasi ya kuandika tena.

Anselmo


Calvillo, 28 Juni 1997

Anselmo mwanangu,

Marahaba. Barua hii anakuja nayo Injinia Zenaida mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi ya shule. Akiifungua utaona.

Alifika jana saa sita mchana na boksi la barafu, brashi, rula, daftari, na ule mkasi wake. Mtu anayekuja kuchukua jani alikuwa na mizigo kama anahama. Nikamkaribisha, tukanywa kahawa, tukazungumza habari za mvua. Lile kopo lilikuwa mita moja kutoka magotini mwake, na sote wawili tulitazama pengine.

Nikasema, "Ngoja nikachemshe kahawa nyingine." Nikakaa jikoni dakika kumi. Nikatoka. Amekaa palepale, mikono mapajani, kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

"Mwalimu," akasema, "siwezi. Nimekula kiapo kazini."

"Sijui unaongelea nini," nikamwambia. "Nimesahau sukari."

Mara ya pili nilimkuta amepiga magoti, nikadhani tayari. Kumbe anapima. Ameipima miche yote mitatu kwa rula na ameandika daftarini. "Nimeipa namba," akaniambia, anatabasamu. Nikarudi jikoni bila hata kutoa sababu.

Domitila alikuwa ameshachoka. Tangu saa sita alikuwa ukutani kwake, ananyeshea kangaga moja. Akaita: "Mama wa watu! Kwetu huku mtu akitaka kufunga kiatu anainama, anafunga, anaondoka! Hatuleti rula!"

"Domitila, ingia ndani!" nikapiga kelele.

"Niko ndani! Huku ni kwangu!"

Mara ya tatu niliona aibu imemjaa mno, kwa hiyo nikaanza kuimba. Wimbo wa Bikira Maria, beti zote, kwa sauti ya kanisani, ajue nilipo na ajue nitamaliza lini. Kwenye ubeti wa nne kukawa kimya kule barazani, ukimya mwingine kabisa, ule ninaoujua tangu darasani. Zamani ningetoka na rula. Safari hii nikaongeza ubeti wa tano, ambao niliutunga mwenyewe.

Nilipotoka alikuwa amesimama, mwekundu kama komamanga, boksi limefungwa.

"Mvua inaelekea kunyesha," akasema.

"Inaelekea," nikasema.

Alipokwenda kunawa mikono nilihesabu. Amechukua mche mmoja, wa kati, na amekata vizuri, safi, kwa ukucha. Mkasi hakuugusa. Nikaendelea kutazama, kwa mazoea tu, nikaona na jeraniamu yangu imepungua kijiti. Hapo ndipo nilipompenda. Nikamwambia asilale hotelini, alale hapa.

Asubuhi hii nimekuta kopo limesogezwa. Halikuwa mbali, hatua moja tu kushoto, jua la jioni lisilifikie, na chini yake limewekewa sahani ili maji yapandie kutoka chini. Nimeliacha palepale alipoliweka, na Domitila ni shahidi kwamba katika nyumba hii hakuna mtu aliyewahi kusogeza kopo langu akaendelea kukaribishwa kahawa.

Tulipokuwa tunakunywa hiyo kahawa nikamwambia nina mwana kule Vallarta anayeongopa kuhusu kengele, lakini hajawahi kuchukua kitu cha mtu, na kwamba kama kuna aliyestahili kufungiwa lango siyo yeye. Nilimwambia hivyo kwa maneno hayo, uso kwa uso, na Domitila ukutani anasikia. Nilidhani itanichoma. Haikunichoma kama nilivyoogopa. Leo nikienda sokoni nitapita kwa kinyozi.

Akaomba karatasi. Nikachana hii ya kuandikia barua. Akaandika, akatia sahihi, na, Anselmo, akatoa mhuri mkobani. Mtu anakuja kuiba na mhuri! Karatasi utaikuta ndani ya bahasha. Inasema: "Bwana Anselmo Berumen aruhusiwe kuingia bustanini na wageni wake kila Jumatano, kuanzia tarehe mbili Julai. Asilete ndugu."

Nimeisoma mara tatu kwa miwani. Majirani hawakutajwa. Domitila anauliza mnaondoka saa ngapi.

Shangazi yako,
Obdulia